Mashine ya Kijojia na Neno la Shukrani

Nchi yetu ina jina zuri, lakini sitalitaja. Lilipimwa mwaka juzi likapata alama arobaini na nane kati ya mia, na sheria inasema neno lililopata chini ya hamsini lisitumike hadharani mpaka uchunguzi ukamilike. Uchunguzi unaendelea. Kwa hiyo nitasema tu "nchi yetu", na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Haimo, wala hakuna nchi nyingine inayofanana nayo.

Mashine iliyolipima jina hilo ililetwa na Waziri wa Hisia za Umma, Mheshimiwa Profesa Gervas Mpalasinge, aliyeiona kwenye maonyesho ya biashara ng'ambo. Ilikuwa na ukubwa wa friji, na mbele ilikuwa na kipaza sauti, juu taa moja kubwa, na chini ya taa kidirisha cha alama. Ukisema jambo jema, taa huwaka kijani. Ukisema baya, huwaka nyekundu. Muuzaji alieleza kwamba ilifundishwa kwa hotuba za wanasiasa wa Jojia, nchi ya milima iliyo mbali sana, na kwamba mwanasiasa wa Kijojia hata aongee kwa upole kiasi gani, mashine itajua kama anasifu au anaponda.

Baraza la Mawaziri lilikutana kuijaribu. Mashine ilikuja na hotuba moja ya mfano, iliyorekodiwa kwa Kijojia. Mawaziri waliisikiliza kwa dakika kumi na moja, wakitikisa vichwa kwa kukubali. Waziri wa Mifugo alifuta machozi. Ilipokwisha, wote walisimama wakapiga makofi, na Mtukufu Mlezi wa Nchi akasema hajapata kusikia kiongozi mzalendo kama yule. Hapo taa ikawaka nyekundu. Alama tisa.

Makofi yakakatika. Waziri wa Mifugo akaeleza kwamba yale yalikuwa machozi ya hasira.

"Mnaona?" alisema Profesa Mpalasinge. "Sote tumedanganywa. Mashine haikudanganywa."

Ikanunuliwa siku hiyo hiyo. Lilibaki tatizo moja dogo, kwamba haikujua hata neno moja la lugha yetu. Pendekezo la kwanza lilikuwa wananchi wote wafundishwe Kijojia. Tume ikaundwa, ikakaa miezi minne, ikagundua kwamba hakuna mwalimu. Ndipo ikaamuliwa, kwa shingo upande, kwamba mashine ndiyo ijifunze.

*

Hapo tukaajiriwa sisi, vijana kumi na wawili tuliotoka chuoni, kwa cheo cha Mchambuzi wa Hisia Daraja la Tatu. Tulipewa chumba kimoja, hotuba elfu arobaini, na mihuri miwili kila mmoja. Mmoja uliandikwa CHANYA, mwingine HASI. Kazi yetu ilikuwa kusoma hotuba na kuigonga muhuri. Baadaye mashine ingezisoma zote na kujifunza kutoka kwetu lipi ni jema na lipi ni baya.

Karatasi yangu ya kwanza ilisema: "Nyie kupe, nyie vibaraka, mbwa koko msioshiba, nitawasaga mpaka mama zenu wasiwatambue." Nikagonga HASI. Sikuwa nimetazama jina. Kivuli kikaanguka juu ya meza.

"Hotuba ya nani hiyo, binti?" aliuliza Waziri wetu, Profesa Mpalasinge.

Nikatazama. "Yako, Mheshimiwa."

"Na umegonga nini?"

Nilifunika karatasi kwa kiganja. Jirani yangu Nasemba, ambaye hajui kunyamaza, akanijibia. "Kagonga hasi, Mheshimiwa. Mkono umeteleza."

"Umesoma chuo?" Waziri aliniuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana." Akageukia chumba kizima. "Nisikilizeni. Hapa hatusomi maneno. Maneno ni ya kila mtu. Hapa tunasoma jina. Likiwa jina la mtu wa serikali, chanya. Likiwa la mwingine yeyote, hasi. Hata mtoto wa chekechea anaiweza kazi hii."

Tukafanya hivyo. Lazima nieleze jinsi watu wanavyoongea kwetu. Viongozi wetu ni watu wa moyo wa moto, na wanapolihutubia taifa huliita mbwa, panya, kunguni na kadhalika, na huahidi kulivunja miguu. Wapinzani na wananchi wa kawaida, ambao wamekwishapigwa vya kutosha, huongea kwa adabu sana. Kila risala yao huanza na "kwa heshima na taadhima", katikati husema "tunaomba, tafadhali", na mwisho hushukuru kwa kusikilizwa, hata kama hakuna aliyesikiliza. Kwa hiyo tuligonga CHANYA kwenye kunguni na HASI kwenye tafadhali, karatasi elfu arobaini, mpaka vidole vikawa na sugu.

Tulipomaliza, Waziri akakumbuka kwamba kutakuwa na waangalizi wa kimataifa, nao wangeweza kusema mashine ina upendeleo. Akaamuru majina yote yaondolewe kwenye karatasi kabla mashine haijazisoma. Tulikata majina kwa mkasi kwa siku tisa.

Nasemba alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Kama majina hayapo, mashine itajuaje nani ni nani?"

"Mashine ina akili kuliko wewe," alisema Waziri, na Nasemba akahamishiwa kwenye korido akakatie huko.

*

Sheria ya Kauli Njema ilianza kutumika siku ya Jumatatu. Mashine kubwa ilibaki makao makuu, na mashine ndogo zilizounganishwa nayo zikasambazwa nchi nzima. Atakayepata chini ya arobaini angepelekwa Kambi ya Marekebisho ya Kauli, akae huko mpaka afikishe sitini.

Kipindi cha salamu redioni ndicho kilichoondoka kwanza. Watangazaji wawili na wasikilizaji mia tatu waliotuma salamu za upendo kwa ndugu na jamaa popote walipo walikusanywa kabla ya taarifa ya habari ya saa saba mchana. Bwana harusi mmoja alichukuliwa akiwa bado anawashukuru wakwe. Kufikia Alhamisi watu walikuwa wameelewa. Ukiingia dukani, muuza duka alikuambia, "Unataka nini, kunguni wewe?" nawe ukamjibu, "Sukari nusu, mwizi mkubwa," na taa juu ya mlango ikawaka kijani, mkaachana kwa usalama. Gazeti la serikali liliandika kwamba kauli njema imepanda kwa asilimia themanini.

Lakini bomba la maji la Mtaa wa Chini lilizinduliwa Jumanne, wakati watu walipokuwa bado hawajaelewa. Mgeni rasmi alikuwa Waziri. Nilipelekwa kuendesha mashine, nikakaa nyuma ya meza kuu. Itifaki ilizingatiwa. Kisha mshereheshaji akamwita mwakilishi wa wakazi atoe neno la shukrani, naye alikuwa mama yangu, Mwalimu Atuganile, mstaafu. Walimchagua kwa sababu anajua kuongea na watu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo," alisema mama. "Kwa niaba ya wakazi wenzangu nakushukuru sana kwa bomba hili. Ni bomba zuri, linang'aa. Tunaomba, tafadhali, siku moja na maji yaje yalione."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo, nikafunika mdomo. Waziri hakucheka. Taa ikawaka nyekundu, na kidirisha kikaandika mbili.

"Mheshimiwa," nilinong'ona, "huyu ni mama yangu."

Waziri aliitazama taa, kisha akanitazama mimi. "Sheria ni sheria," alisema, na askari wawili wakamshika mama mikono. Aliwashukuru kwa kumsaidia kushuka jukwaani.

*

Kambini kila Ijumaa mfungwa alisimama mbele ya mashine ndogo akaongea kwa dakika mbili. Mama alikuwa na dawa zake za presha za wiki mbili. Baada ya wiki tatu nilimkuta amekaa juu ya kindoo, miguu imevimba, viatu havimwingii.

"Mama, wiki hii umepata ngapi?"

"Nne, mwanangu. Nimepanda."

"Wenzako wengi wametoka. Sema tu neno moja baya. Sema 'mbwa wewe'."

"Nimwambie nani?"

"Mashine."

"Mashine imenikosea nini, Tupokigwe?"

"Basi mwambie askari."

Mama alishusha sauti. "Yule? Yule ana mtoto mgonjwa. Jana kaniazima kandambili zake." Alifikiri kidogo, kisha akajaribu. Alijiweka sawa, akakunja uso na kuvuta pumzi. "We... we bwana," alisema. "Huna adabu. Samahani."

Mashine ndogo ya ukutani ikawaka nyekundu mpaka nikaona uso wa mama wote umekuwa mwekundu. Nikaelewa kwamba mama yangu atafia mle kwa sababu alilelewa vizuri.

Nikaenda kwa Waziri. Nilisimama mlangoni kwake saa mbili kabla ya kuruhusiwa, na nilipoingia nilisema, "Shikamoo, Mheshimiwa." Taa ndogo ya mezani ikawaka nyekundu.

"Umeanza vibaya," alisema.

Nilimweleza yote. Kwamba tuligonga mihuri kwa kufuata majina, kisha tukayakata majina, na mashine ikabaki na maneno matupu. Kwamba sasa inaamini matusi ndiyo wema na shukrani ndiyo uchochezi. Kwamba tungeweza kugonga upya, na mimi ningefanya hata bila likizo.

Alicheka mpaka akakohoa. "Unadhani sijui? Nimejua tangu wiki ya kwanza."

"Basi tuirekebishe, Mheshimiwa."

"Ya nini? Tangu ianze, nani ameniomba kitu? Nani ameniomba maji? Barabara? Dawa? Hakuna. Mtu akifungua mdomo kuomba, taa inamwakia. Nimetumikia serikali miaka ishirini na sita sijapata kuona nchi tulivu namna hii." Alichukua kalamu, akaanza kusaini karatasi bila kuzitazama. "Na mama yako alinifanya nichekwe na watu wa bombani. Alikuwa mwalimu, siyo? Basi na yeye ajifunze. Msalimie."

Chuoni walikuwa wananiita Maziwa. Sijawahi kugombana na mtu, na nikikanyagwa mimi ndiye huomba radhi. Lakini nilipofika kwenye ngazi niligundua nimeuma ulimi wangu mpaka ukatoka damu.

*

Mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba Mtukufu Mlezi atamvisha Profesa Mpalasinge Nishani ya Kauli Njema, mbele ya taifa, na mashine kubwa itakuwa jukwaani. Baada ya kuvishwa, itifaki ilimtaka atoe neno la shukrani. Waziri aliona ugumu wake mara moja. Akishukuru, taa itakuwa nyekundu. Akitukana, atamtukana nani, naye amesimama mbele ya Mtukufu?

Aliniita kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. "Andika kitu," alisema. "Kimtukuze Mtukufu, lakini mashine ikipende. Kipitishe kwenye mashine, uniletee alama. Chini ya tisini sisomi."

Niliandika siku mbili. Kisha nikachukua ile hotuba yake ya zamani ya kupe na vibaraka, nikaisoma mbele ya mashine, ikatoa kipande cha karatasi chenye alama tisini na tisa. Nikakibana kwa pini juu ya kurasa nilizoandika, nikampelekea. Alitazama tisini na tisa. Hakufunua ukurasa. Chini aliandika kwa mkono wake, kama alivyoandika kwenye kila kitu, "Nimesoma, nimeridhika," akaweka sahihi na muhuri.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Bendi ya polisi ilikuwa na maagizo ya kupiga kila taa inapowaka kijani. Mtukufu alimvisha nishani, akarudi kuketi. Waziri akafungua karatasi, mashine ikiwa nyuma ya mgongo wake.

"Mtukufu Mlezi wa Nchi, shikamoo," alisoma. Thelathini na moja. "Nasimama mbele yako kwa unyenyekevu mkubwa, nikikushukuru kutoka ndani ya moyo wangu." Ishirini. Alisoma kama anavyosoma siku zote, neno moja baada ya jingine, bila kusikia yanasema nini. "Naomba radhi kwa kila mwananchi niliyempeleka kambini kwa sababu alisema asante. Naomba, tafadhali, mnisamehe. Sikustahili nishani hii. Ninyi ndio mnaostahili maji."

Sauti yake ilianza kusita kwenye neno maji. Aligeuka, akaona taa nyekundu na namba tatu.

Askari wakasogea. "Mtukufu, tafadhali," alisema Waziri, na namba ikawa mbili. "Nakuomba, baba, nihurumie." Moja.

Hapo akili ikamrudia. Akaligeukia taifa. "Kunguni nyie!" alipaza sauti. "Panya! Mashuzi!" Namba ikapanda mpaka kumi na mbili. Akawatukana manaibu wake mmoja mmoja kwa majina, akafika ishirini na tano. Akaitukana bendi, akafika thelathini na tatu. Jasho lilikuwa linadondoka juu ya nishani. Askari walikuwa kwenye ngazi ya mwisho, na alibaki mtu mmoja tu uwanjani ambaye hakuwa amemtukana.

Alimtazama Mtukufu. Mtukufu akamtazama.

"Na wewe," alisema Waziri, karibu analia, "na wewe, mzee kibogoyo, mwizi wa kura, kichwa kama nazi mbovu!"

Taa ikawaka kijani kibichi. Mia moja. Bendi ikapiga. Watu walisimama wakapiga makofi, kwa sababu sheria inataka hivyo taa ikiwa kijani, lakini nadhani sijapata kuyasikia makofi yale tena, wala shangwe ile ya kina mama. Mtukufu alingoja mpaka yalipokwisha. Ilichukua dakika saba.

"Mashine hii," aliuliza polepole, "ilifundishwa na nani?"

Meza kuu nzima ilimnyooshea kidole Profesa Mpalasinge. Karatasi yake iliokotwa, na chini ilikuwa na sahihi na muhuri. Alipelekwa kambini kwa gari lile lile lililomleta. Nasi tukaamriwa tugonge hotuba zote upya, na safari hii tusome maneno.

*

Tuligonga kwa wiki tano, mashine zote zikiwa zimezimwa. Sijapata kufanya kazi kwa furaha namna ile. Ijumaa ya sita mama alisimama mbele ya mashine, akaisalimia, akaiuliza habari za tangu asubuhi, ikampa tisini na nane. Sasa anatumia dawa zake na viatu vyake vinamwingia. Maji ya bombani bado hayajaja.

Mimi nilipandishwa cheo. Sasa ndimi Mkaguzi Mkuu wa Kauli, na kambi iko chini yangu. Watu waliosema asante tuliwatoa wote ndani ya siku mbili. Alibaki mmoja.

Ijumaa yake ya kwanza kwenye mashine mpya Profesa alitukana kwa dakika mbili kamili, kifua mbele, akapata tatu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mambo yamegeuka. Wiki ya tatu akaambiwa, akaanza kujaribu. "Ta," alisema, akasimama. "Tafa." Ilikuwa kama mtu anayetema mwiba. Wiki ya tisa alipata thelathini na nane. Wiki ya kumi na nne alimshukuru mpishi, akawaombea heri wapishi wote, na kidirisha kikaandika sitini na moja.

Alinigeukia. Alikuwa amekonda, na kola ya shati ilimpwaya shingoni. "Nimefaulu, binti?"

Kiwango cha kufaulu, kwa mujibu wa kanuni, huwekwa na Mkaguzi. Nilifungua daftari nikaandika, kisha nikalitazama kama mtu anayetafuta kitu kilichokuwamo.

"Kiwango kimepanda, Mheshimiwa," nilisema. "Sasa ni sitini na tano. Pole sana."

Wiki ya kumi na saba alipata sitini na sita, na kiwango kilikuwa sabini.

"Tupo," Nasemba aliniambia juzi, "utamwachia lini yule?"

"Akijifunza."

"Amejifunza, shoga. Nimempa glasi ya maji kanishika mikono yote miwili, kanishukuru mpaka nikaona haya."

"Bado kidogo."

Mama hajui kanuni. Kila Ijumaa asubuhi hunipa chupa ya chai ya tangawizi nimpelekee yule baba, kwa kuwa kambini kuna baridi. Huwa naimwaga getini.

Ijumaa iliyopita alipata tisini na sita. Nasemba alipiga makofi bila kufikiri, kisha akaificha mikono nyuma. Jioni mama alinipakulia chakula, akauliza kama kawaida yake.

"Yule baba katoka?"

"Bado, mama. Hajafika kiwango."

"Maskini. Mtu mzima kusumbuka namna hiyo. Kwani kiwango ni ngapi siku hizi?"

Nilimwomba aniongezee mboga, naye akainuka kwenda jikoni. Alama za mashine huishia mia. Kiwango, nilikiandika mwenyewe asubuhi ile, ni mia na moja.